Mzazi, mtoto wako anajua kusoma? Neno kwa wazazi wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW). Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake, masahaba zake na kila aliyeshika mwenendo wao.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tumekusudia kuzungumza na wazazi na walezi wa Shinyanga, Kahama, Geita, Mbogwe, Bukombe na Nyang'hwale. Wengi wao ni wakulima wa pamba na mpunga, wafugaji, wachimbaji wadogo na akina mama wauza vyakula machimboni. Watoto wao wanasoma shule za Serikali. Tunataka kuwauliza swali moja ambalo wengi hatuna desturi ya kujiuliza: mtoto wako aliye darasa la tatu, ukimpa ukurasa asioujua, anaweza kuusoma na kukueleza alichokisoma?

Hatuulizi kama anakwenda shule. Wala hatuulizi kama amevaa sare na kubeba daftari. Tunauliza kama anasoma.

Ukubwa wa jambo lenyewe

Swali hili lina sababu. Mwaka 2012 Serikali yenyewe ilikiri kwamba miongoni mwa wanafunzi waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza walikuwamo maelfu wasiojua kusoma na kuandika. Walikaa miaka saba darasani, wakafanya mtihani, wakapewa nafasi ya sekondari, hali ya kuwa herufi bado zinawapiga chenga. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2010, wapimaji wa Uwezo walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba nchini wakiwa na hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Katika tathmini zao za miaka ile ya mwanzo, zaidi ya nusu ya watoto wa darasa la tatu walishindwa kuisoma.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipunguzwa masomo ili mtoto ashughulike zaidi na KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Januari 2016 elimu bila ada ikaanza, na watoto wakafurika shuleni. Mitaala mipya ikaanza Januari 2024, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Haya ni mambo ya kushukuriwa. Lakini tuyatazame kwa jicho la mzazi. Kama mtoto atakaa shuleni miaka kumi, na minne ya mwisho atafundishwa kwa Kiingereza, hali yake itakuwaje ikiwa hata Kiswahili hakukisoma sawasawa katika miaka mitatu ya kwanza? Kila somo hupitia kwenye kusoma. Asiyesoma hana hesabu ya maneno, hana sayansi, hana historia. Atakaa dawati la nyuma, atanyamaza, na siku moja hatarudi.

Kwa nini kwetu ni vigumu zaidi

Kila mahali pana shida zake. Katika ukanda wetu ziko nne ambazo mzazi anapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni lugha. Mtoto wa kijijini Shinyanga huzaliwa, hulelewa na hucheza kwa Kisukuma. Anapofika darasa la kwanza, mwalimu anamwambia kwa Kiswahili afungue kitabu, na pengine hilo ndilo Kiswahili cha kwanza kusemwa naye moja kwa moja. Anatakiwa ajifunze lugha na herufi kwa wakati mmoja. Kisukuma hakina sauti ya "r", kwa hiyo "kula" na "kura" masikioni mwake ni neno moja. Irabu za Kisukuma ni saba, za Kiswahili tano. Mtoto huyu si mzito wa akili. Amebebeshwa mizigo miwili, na mwenzake wa Dar es Salaam amebeba mmoja. Ndiyo maana mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioanza mwaka 2014 na ambao Shinyanga ilikuwa miongoni mwa mikoa yake, ulianzisha madarasa ya utayari wa kwenda shule. Wanajamii waliopewa mafunzo waliwazoesha watoto Kiswahili kwa hadithi, nyimbo na michezo kabla ya kuingia darasa la kwanza.

Ya pili ni msongamano. Si ajabu kukuta darasa la kwanza lina watoto mia moja na zaidi mbele ya mwalimu mmoja. Hata mwalimu mwenye ikhlasi kiasi gani hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma kila siku. Lazima awepo mtu mwingine wa kumsikiliza, na mtu huyo yuko nyumbani.

Ya tatu ni kuhama. Ikisikika kwamba dhahabu imetoka mahali, watu hukimbilia huko. Wachimbaji wenyewe wanaita rashi. Baba anahama, familia inafuata, na mtoto anaacha shule katikati ya muhula bila barua ya uhamisho. Huko waendako shule iko mbali, au mzazi anasema watatulia kwanza. Miezi inapita, na mtoto aliyekuwa ameanza kuunganisha silabi anasahau.

Ya nne ni kazi. Mvulana anachunga ng'ombe au anaponda mawe, msichana anauza maandazi kando ya karasha. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto katika machimbo madogo ya dhahabu ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Lilikuta watoto wa umri wa miaka minane wakiingia kwenye maduara, wakibeba mawe na kushika zebaki kwa mikono yao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza kumtumia mtoto katika kazi za hatari, na uchimbaji wa madini umo. Zaidi ya sheria, mzazi ajue kwamba mvuke wa zebaki inapochomwa huingia mapafuni na kudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na mwili wa mtoto ndio unaoathirika zaidi. Anayechoma zebaki jikoni huku mwanawe amekaa pembeni na daftari anabomoa kwa mkono mmoja kile anachojenga kwa mkono mwingine.

Shule hii ni ya nani?

Wako wazazi wa Kiislamu wanaoitazama shule ya Serikali kwa wasiwasi. Wasiwasi huo haukuanguka kutoka mbinguni, una historia. Wakati wa ukoloni wa Mwingereza elimu ya Tanganyika iligawanywa kwa rangi: shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika. Sehemu kubwa ya zile za Waafrika ilikuwa mikononi mwa misheni. Mzazi Mwislamu alijikuta akichagua baina ya elimu ya mwanawe na dini ya mwanawe, na wengi walichagua kumweka nyumbani. Mgawanyo wa rangi uliondolewa mara tu baada ya Uhuru, mwaka 1962. Kisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya Serikali, ili mtoto wa dini yoyote aingie. Kwa hiyo shule ya kijiji chako si ya misheni wala si ya mwalimu mkuu. Ni yako, na kodi yako imo.

Na kama bado moyo unasita, turejee katika sira. Baada ya vita vya Badri, mwaka wa pili wa Hijra, Waislamu walikuwa na mateka wa Makka. Wapokezi wanasimulia kwamba wale wasiokuwa na mali ya kujikomboa, lakini wakijua kuandika, walipewa fidia yao: kila mmoja awafundishe watoto kumi wa Madina kuandika, kisha aende zake. Tutafakari. Walimu wale walikuwa washirikina, na siku chache nyuma walikuwa wameshika panga dhidi ya Mtume (SAW). Watoto wa Answari wakawekwa mbele yao wafundishwe. Inasimuliwa kwamba Zaid bin Thabit (RA) alikuwa miongoni mwa watoto hao, na ndiye ambaye baadaye Sayyidna Abu Bakr (RA) alimkabidhi kazi ya kuikusanya Qur'ani. Umma ambao wahyi wake wa kwanza ulianza kwa amri ya kusoma hauna udhuru wa kumwacha mtoto bila herufi kwa sababu mwalimu wake ni wa dini nyingine.

"Mimi sijui kusoma, nitamsaidiaje?"

Hili ndilo neno tunalolisikia zaidi kwa wazazi, na husemwa kwa haya. Wala si neno la kuonea haya. Tunalijibu kwa mambo matatu.

Jambo la kwanza: unaweza kumpima mtoto hata kama hujui herufi moja. Mwambie asome ukurasa kwa sauti. Watoto wengi hukariri kitabu chote kwa kusikia wenzao, na mzazi hudhani wanasoma. Basi usimwache aanze juu. Weka kidole chako katikati ya ukurasa, juu ya neno lolote, umuulize: hili ni neno gani? Kisha mwambie akutafutie mahali pengine neno hilo hilo lilipo. Macho yako yatakuonyesha kama maumbo yanafanana. Mwisho funga kitabu, umuulize habari ile inahusu nini. Akikwama katika haya, nenda kwa mwalimu wiki hiyo hiyo, wala usingoje mtihani wa darasa la nne.

Jambo la pili: msimulie. Wasukuma walikuwa na shikome, moto wa jioni ambapo wazee waliketi na vijana na kuwapa hadithi, historia na adabu. Hapo ndipo watoto waliposikia habari za Masala Kulangwa, kijana mwerevu aliyepambana na zimwi Shing'weng'we. Moto huo umezimika katika nyumba nyingi, na mahali pake tumeweka simu na televisheni. Hadithi ni mlango wa kusoma. Mtoto aliyezoea kufuata kisa mwanzo hadi mwisho, akauliza "ikawaje?", atajua kwamba ndani ya kitabu kuna kisa kinachomngoja. Simulia kwa Kisukuma, kwa maana lugha ya mama si adui wa shule. Kisha mwambie dada yake aliye darasa la sita aisimulie tena kwa Kiswahili, na mdogo arudie. Kwa kazi hii hakuna ada wala kitabu cha kununua.

Jambo la tatu: wewe mwenyewe bado unaweza kujifunza, na mkoa wako unalijua hilo kuliko mikoa mingi. Kati ya mwaka 1968 na 1972, Serikali na UNESCO waliendesha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Mwanza zikiwamo. Na Geita wakati ule ilikuwa ndani ya Mwanza. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyohusu kazi yao wenyewe, kikiwamo kilimo cha pamba. Mwaka 1974 kikaanzishwa Kanda ya Ziwa gazeti la vijijini kwa ajili ya waliohitimu kisomo, likaitwa Elimu Haina Mwisho. Babu na bibi za watoto wa leo walishika kalamu wakiwa na mvi. Sisi tunashindwa na nini?

Kuijua njia ya shule

Mzazi anayeogopa ofisi ya mwalimu mkuu humwacha mtoto wake bila wakili. Yako mambo machache ambayo kila mzazi anapaswa kuyashika.

Mwandikishe mtoto darasa la awali anapofikisha umri wa miaka mitano, wala usimrukishe. Kwa mtoto wa nyumba ya Kisukuma, mwaka ule wa awali ndio mwaka wa kuizoea lugha ya shule. Akiwa bado chini ya miaka mitano, mchukulie cheti cha kuzaliwa. RITA ina mpango wa kuwasajili watoto wa umri huo bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata.

Jua kipi ni bure na kipi ni chako. Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 umeeleza wajibu wa kila upande. Ada imeondolewa, lakini sare, madaftari, matibabu na chakula cha mtoto wa kutwa ni jukumu la mzazi. Mchango wa uji au wa chakula cha mchana hupangwa na wazazi wenyewe kikaoni, na mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hajachanga. Pamoja na hayo, tusijifiche nyuma ya neno "bure". Tumbo tupu halisomi, na debe la mahindi kwa mfugaji mwenye ng'ombe arobaini si dhuluma.

Hudhuria vikao. Kila shule ya msingi ina kamati ya shule yenye wazazi waliochaguliwa na wazazi, na shule nyingi zina Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, UWAWA. Huko mzazi ana haki ya kuuliza ruzuku iliyoingia na ilivyotumika. Elimu bila ada ilipoanza, ruzuku ilikokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, shilingi 6,000 zikienda shuleni na 4,000 zikibaki kwa ajili ya vitabu. Uliza kwa adabu: watoto wangapi wanatumia kitabu kimoja? Je, vitabu vinagawiwa au vimefungiwa kabatini visichakae? Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake.

Kwa wanaoishi jirani na migodi mikubwa, Sheria ya Madini ilivyorekebishwa mwaka 2017 inaitaka kampuni yenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, unaokubaliwa na halmashauri. Vikao vya kijiji vinapojadili mahitaji, kwa kawaida tunaomba madarasa na madawati. Tuombe pia vitabu vya hadithi vya watoto. Ukuta haumfundishi mtu kusoma.

Ukihama, hama na mtoto wako kwa utaratibu. Kila mwanafunzi ana namba katika mfumo wa PREM wa Baraza la Mitihani, na uhamisho hupitia humo. Mwone mwalimu mkuu kabla ya kufunga mizigo. Siku mbili za kufuatilia uhamisho ni nafuu kuliko mwaka mzima wa mtoto kuzurura mwaloni.

Na kama mtoto ameshaacha shule, mlango haujafungwa. Uko mpango wa MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Watoto Walioikosa, uliofanyiwa majaribio tangu mwaka 1999. Binti aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito naye anaweza kurudi katika shule ya Serikali, tangu uamuzi uliotangazwa Novemba 2021.

Hapa tuseme neno juu ya mabinti kwa uwazi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, kabla haujagawanywa mwaka 2012, asilimia 59 ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Hakuna mkoa uliouzidi. Tangu mwaka 2016 sheria inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi. Lakini kabla ya sheria kuna dhamiri. Ng'ombe wa mahari huliwa wakaisha. Binti anayejua kusoma atawasomea wanawe, na wao watawasomea wao.

Madrasa isikae pembeni

Tumalizie na sisi walimu wa madrasa, maana tunao watoto hao hao kila alasiri. Miaka ya 1980, Waislamu wa Mombasa walilalamika kwamba watoto wao wanafika shule za Serikali wakiwa nyuma ya wenzao. Hawakuishia kwenye malalamiko. Kwa msaada wa Aga Khan Foundation, wakaanzisha madarasa ya awali yaliyosimamiwa na jamii za misikiti. Mwalimu Bi Swafiya Said alikuwa mstari wa mbele katika kuwafunza akina mama wa mitaa ile kuwa walimu, na vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vitu vinavyopatikana karibu. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Jambo walilofanya watu wa Pwani, misikiti ya Kahama na Geita inaliweza.

Wala hatuanzi kutoka sifuri. Mtoto wa madrasa anajifunza herufi na irabu zake, ba, bi, bu, kutoka kulia kwenda kushoto. Shuleni mtoto huyo huyo anajifunza ba, be, bi, bo, bu, kutoka kushoto kwenda kulia. Kazi ni moja: kuunganisha sauti na alama. Mtoto aliyefundishwa makharij anatamka "th", "dh" na "gh" bila taabu, na ulimi wake unaitofautisha "r" na "l". Basi mwalimu wa madrasa atenge nusu saa, mara mbili kwa wiki, wakubwa wawasikilize wadogo wakisoma hadithi ya Kiswahili. Tuwe na sanduku moja la vitabu vya watoto karibu na misahafu. Tumuulize kila mwanafunzi wetu yuko darasa la ngapi na anasoma vipi. Mtoto anayekariri sura ndefu kwa sauti nzuri, lakini hawezi kusoma barua ya mama yake, tumemfunza nusu.

Ndugu zetu, hadithi mashuhuri ya mchunga na wachungwa wake inajulikana kwa kila anayehudhuria Ijumaa. Katika nchi ya wafugaji haihitaji tafsiri. Mchungaji wa Kisukuma akirudi jioni huhesabu ng'ombe mmoja mmoja, na akikosekana ndama mmoja halali. Leo jioni, baada ya Isha, tuwahesabu watoto wetu kwa namna hiyo. Mmoja mmoja, kitabu mkononi, kidole katikati ya ukurasa.

Tunamwomba Allah (SW) awape watoto wetu elimu yenye manufaa, awape walimu wao subira, na atujaalie sisi wazazi kuwa wenye kusikiliza.

Wabillahi tawfiq.